Mkia wa Gauni

Mjukuu wangu alikuja Jumapili na kitambaa cha rangi ya maziwa ndani ya mfuko wa karatasi, akanionyesha picha kwenye simu. Msichana wa kwenye picha amesimama akiwa ametupa mgongo. Nyuma ya gauni lake, pale kiunoni, kuna vipande viwili vyembamba vya kitambaa vimeshonewa kwenye mshono, vinaning'inia mpaka karibu na goti.

"Hii, Dani," akasema. Dani ni nyanya kwetu. "Ndiyo inavaliwa sasa. Uniwekee hii."

"Gauni la kwenda wapi?"

"Kwa kina yule kijana wangu. Mwezi ujao tunaenda nyumbani kwao na shangazi, nikaonekane."

Nilimwambia aache kitambaa, arudi Alhamisi. Nikampima mabega, nikampima kifua, na nilipofika kiunoni mkanda wa kupimia ukaniponyoka mara mbili. Nikasingizia macho.

Kile kitu alichonionyesha nakijua. Nimekishona miaka mingi hapa Suna kwenye baraza la duka, na kabla yangu alikishona mwanamke aliyenifundisha cherehani. Jina lake ninalo, na la mama yake ninalo. Wote nitakaowataja hapa nina majina yao, hata ya wanawake waliokaa kwenye benchi langu siku moja tu. Siyaandiki. Wengine wako hai, na waliokufa wameacha watoto.

Tulikiita mkia.

Bibi yangu mzaa mama, kule Kabondo, alivaa wa nyuzi. Gauni hakuwa nalo. Zilikuwa nyuzi zilizosokotwa, zikapakwa tope jeusi la mtoni na mafuta, zikafungwa kiunoni zikaning'inia nyuma. Kwa Kijaluo ni chieno. Msichana hakuvaa. Ulifungiwa ukishakuwa mke wa mtu, na aliyekufungia ni mama mkwe wako kwa mkono wake, hakuna mwingine. Mwanamume wa nje akiigusa, hata kwa bahati mbaya mkipishana kwenye njia nyembamba, mbuzi alichinjwa. Mwenye mke mwenyewe hakuivuta kwa hasira. Na mwanamke aliyekufa nayo alizikwa nayo, kwa mumewe, kando ya nyumba yake. Haikuficha kitu na haikuleta joto. Kazi yake ilikuwa kusema kwamba huyu ana mahali pake, akiwa anatembea na akiwa hatembei tena.

Halafu watu wa kanisa wakaja na magauni. Bibi alinisimulia hayo akicheka mpaka anafuta machozi. Waliambiwa zile nyuzi ni aibu, wazitupe. Wakazitupa, wakavaa magauni, na wakajiona uchi nyuma, ingawa walikuwa wamefunikwa kutoka shingoni mpaka miguuni. Mwanamke mmoja akarudi kwa fundi wa misheni akasema gauni lake ni pana, anaomba mshipi. Akapewa. Akaufunga nyuma, ncha akaziacha zining'inie. Wiki iliyofuata walikuja watano, kila mmoja gauni lake ni pana.

"Wakatusifu kwamba tunapenda unadhifu," bibi alisema. "Na sisi tumevaa vitu vyetu vilevile."

Nilipojifunza kushona mshipi ulikuwa umekwisha kufupishwa. Vilibaki vipande viwili kwenye mshono wa kiuno. Wengi waliovaa walidhani ni pambo. Wanawake wa Kisabato, ambao hawakuvaa hereni wala shanga, waliniambia niwapigie uzi mweupe juu ya kola nyeupe, na hilo nalo watu walidhani ni pambo tu, lakini kila mmoja aliniletea mchoro wa shanga za bibi yake ameuweka kichwani. Wakurya kutoka kule mpakani walitaka mstari mwekundu kwenye pindo, usawa ule bibi zao walipovaa shanga za miguu. Fundi akikaa kimya, watu humwambia mengi.

Kwa mkia mimi nilikuwa na utaratibu. Gauni la bibi arusi nililimaliza lote, mkia nikaubana kwa pini mbili tu. Mama mkwe wake alikuja, akaketi kwenye benchi, akaushona kwa mkono. Mashine haikuugusa. Hata sokoni niliweza kumwona mwanamke kwa nyuma nikajua mama mkwe wake ni nani, kwa vile mishono ya mkono inatofautiana kama nyayo.

Binti yangu wa kwanza, mama yake huyu mjukuu wa simu, aliolewa Rangwe. Mama mkwe wake alikuja Suna kushona mkia, mwanamke mfupi, mwenye maneno, na alishonea mkono wa kushoto. Mishono yake yote ililala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Nyar Kabondo," akaniambia, maana kwetu mke huitwa binti wa kwao, "hii cherehani yako inapiga kelele kama mlevi anayetafuta mlango."

"Lakini inashona moja kwa moja, mama. Huo mkono wako unakwenda wapi?"

"Unakwenda nyumbani kwake. Na huyu binti yako naye sasa amepata kwake."

Akaufunga uzi, akaukata kwa meno. Tukacheka. Siku ile nilimpenda.

Mume wa binti yangu alikuwa mtu wa samaki. Alikaa Remba, kile kisiwa ambacho mabati yamebanana mpaka hakuna pa kuweka mguu, na akija nyumbani Rangwe alikuja na mikono. Binti yangu alirudi kwangu mara ya kwanza na jicho limefunga. Nilimpikia, nikamwogesha kwa maji ya moto, na siku ya tatu nikamsindikiza arudi kwa mumewe. Mara ya pili akaja na mtoto mgongoni. Nikamrudisha tena. Nakumbuka maneno niliyomwambia njiani, na ningependa kuyasahau. Nilimwambia avumilie, mkia si wa mchezo.

Mara ya tatu alinikuta barazani nikishona, wanawake wanne wako kwenye benchi wanangoja nguo zao. Alikuwa amefunga jino lake ndani ya pembe ya leso. Alifungua leso akanionyesha.

Nikasimama. "Geuka," nikamwambia.

Alidhani nataka kuona alipopigwa mgongoni. Akageuka. Nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, nikaushika ule mkia, nikaukata wote, karibu kabisa na mshono.

"Haya," nikasema. "Sasa huna pa kurudi."

Nilisema kwa sauti, ili wale wanne wasikie, wakaseme. Nilitaka ifike Rangwe. Nilikuwa na hasira, tena nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe kwa zile mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mzee kuliko mimi, aliinuka akachukua kitambaa chake ambacho sikuwa nimekigusa bado.

"Huo hukuufunga wewe," akasema. "Ungemficha ndani, ungemfungia mlango, ungempiga mwanamume yule kwa mwiko kama una nguvu. Lakini huo haukuwa wako kuukata." Akaondoka, na hakurudi kwangu kushona mpaka alipokufa.

Binti yangu alishika nyuma ya gauni kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "umenivua mbele za watu."

Ule mkia niliutia ndani ya mkebe wa vifungo. Fundi hatupi kitambaa.

Nami niseme ukweli, kwa siku nyingi nilijiona nimefanya jambo. Mwanamume yule hakuja kumdai tena. Habari ilipomfikia huko Remba alisema, "Basi mama yake amenirahisishia," na muda si muda tukasikia kuna mwanamke mwingine anampikia.

Binti yangu alikwenda kuponda mawe Masara. Ni karibu na kwetu, unasikia mashine zao upepo ukiwa upande wetu. Wanaume wanaingia shimoni, wanawake wanakaa juu na nyundo, wanaponda jiwe mpaka linakuwa unga ili dhahabu ioshwe. Alitoka asubuhi mweusi akarudi mweupe, nyusi na kope zimejaa vumbi. Na gauni alilovaa kazini lilikuwa lilelile, nyuma yake vimebaki vishina viwili vya kitambaa vinachakaa. Nilimwomba anipe nilishonee kiraka.

"Acha, Mama," akasema. "Waache watu waone kazi yako."

Alianza kwa kukohoa asubuhi tu. Halafu mchana. Mwaka wa tatu alikuwa anashindwa kupanda kutoka mtoni na ndoo, anakaa njiani, mtoto anamngoja. Hospitali walisema ni kifua, wakampa dawa, wakasema tena ni vumbi, na kwa vumbi hawakuwa na dawa. Alikufa asubuhi. Nilikuwa nimetoka kumletea uji kwenye thamosi, niliporudi kitanda kilikuwa kimevutiwa pazia. Uji ule nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hapo ndipo kazi ya mkasi wangu ikarudi.

Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, na mwenye sauti nyumbani alikuwa shemeji yangu, ndugu yake mdogo. Aliwaita wazee, wakaketi. Neno lao lilikuwa fupi. Msichana aliyeolewa hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Anazikwa kwa mumewe. Kama hana mume, anazikwa nje ya ua, pale hata msichana asiye na kwake anapowekwa, na baada ya siku chache ng'ombe wanapita juu.

Wakapiga simu Rangwe, wakaiweka mezani ili wote tusikie. Sauti ya mzee wa kule ikasema, "Poleni sana. Lakini sisi hatuna mke aliyekufa. Mke wetu alikatwa mkia na mama yake kwa mkasi, mchana, watu wakiona."

Shemeji akanitazama. "Ulikata?"

"Nilikata."

"Na wewe ndiye fundi wa kushona hiyo mikia. Ungekuwa mtu mwingine tungesema hakujua." Akasugua magoti. "Basi ni nje, Nyar Kabondo. Kule kwa njia ya ng'ombe."

Nikasema, "Aliyeufunga yuko hai. Mkia ninao. Akiushona tena je?"

Wakaitazama simu. Kuku wa kule walisikika. Halafu ile sauti ikasema, "Mama akishona, sisi wanaume hatuna la kubisha. Kaburi tutachimba hapa. Aje, lakini asikawie."

Nilifua lile gauni la Masara mara tatu, vumbi likatoka kama maji ya mchele. Nikalipiga pasi. Asubuhi nikalitia mfukoni pamoja na mkebe wa vifungo, nikaenda Rangwe.

Mama wa msichana haingii kwa wakwe hivi hivi. Nilisimama mwisho wa uwanja, karibu na jiko, mpaka yule mama mkwe akaniona. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua omena, wale dagaa wa ziwani, anatoa mchanga na vijiti. Macho yalikuwa yamepungua sana. Alinijua kwa kusimama kwangu.

"Nyar Kabondo. Umekuja na mkasi?"

"Nimekuja na sindano, mama."

"Sogea basi. Kaa. Hapo kuna jua, nenda upande huu." Aliendelea kuchagua omena. "Ulikata kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Wa kulia. Basi ulikuwa na akili zako."

"Alikuja na jino lake kwenye leso, mama."

Akaacha omena. Alifungua mdomo, akaweka kidole pembeni, akanionyesha mapengo mawili ya zamani. "Mimi nilikwenda na haya kwa mama yangu. Alinirudisha. Ndiyo maana niko hapa nachagua omena, na nitalazwa pale." Akaonyesha kwa kidevu kando ya nyumba, chini ya mgomba, mahali pamefagiliwa. Alikuwa amepafagia mwenyewe. "Mimi napajua pangu. Binti yako hapajui pake. Mimi na wewe nani alimpenda mtoto?"

Nilipatazama pale chini ya mgomba.

Akafuta mikono kwenye leso. "Lete."

Nikamtolea gauni, nikafungua mkebe, nikampa mkia. Aliupapasa, akapapasa vishina vilivyobaki, akatafuta kwa kidole mahali mishono yake ya zamani ilipokuwa. "Nitie uzi," akasema, "sioni tundu." Nikamtilia uzi. Akaushika ule mkia kwa mkono wa kulia, sindano kwa kushoto, akaanza. Mshono wa kwanza ukalala upande wake uleule. Wa pili. Nilikuwa nimezuia pumzi kama mtu anayepita na sufuria ya maji ya moto kati ya watoto. Wa tatu.

Nyuma ya jiko mtu akakohoa.

Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hiyo ni heshima yetu, na hata siku ile mume wa binti yangu aliishika. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko. Nilichoona ni ncha za buti zake za mpira tu, zina magamba ya samaki yaliyokauka. Alikuwa ametoka Remba baada ya kusikia. Hakuniamkia na hakusema nami neno. Alisema na mama yake kana kwamba sipo.

"Mama, unashona nini?"

"Nguo."

"Ukimaliza kuishona hiyo, wataniletea mtu hapa. Nijenge nyumba yake, nimlaze kando yake. Awe ndiye mke wa kwanza."

"Si ndiye wa kwanza?"

"Na huyu aliye na mimi? Ataingia hapa kama wa pili, nyuma ya kaburi? Amekataa. Amesema mguu wake hautafika Rangwe. Na mimi nitakaa alipo yeye." Buti moja ilisogea. "Utabaki na nani, Mama? Nani atakuletea hata hizo omena?"

Mama mkwe alikaa na sindano juu. Wana wengine hakuwa nao, alikuwa amezika wawili. Kuku mmoja akaja akadonoa omena kwenye mkeka, hakumfukuza.

Halafu aliinamisha kichwa kwenye gauni la binti yangu, akauma uzi.

"Nyar Kabondo," akasema polepole, "wewe una cherehani. Mimi nina huyu."

Aliuweka mkono wake juu ya ile mishono mitatu, akaipapasa, kisha akanirudishia gauni. Hakuitoa. Angeweza kuivuta ikatoka, ni mitatu tu. Aliiacha. Mkia ukawa unaning'inia kwa pembe moja.

Nilipofika nyumbani shemeji alikuwa amesimama langoni.

"Ameshona?"

"Ameanza."

Alilichukua gauni, akalitazama, akanirudishia. Si mtu mbaya. Alisema, "Mshono ulioanzwa tu, mama, hauwezi kumpa kaburi kule." Halafu akaenda kuwaonyesha vijana pa kuchimba.

Niliketi kwenye mashine na gauni mapajani. Mimi ni fundi. Mshono wa mkono wa kushoto ningeuiga hata nikiwa nimefumba macho, ningemaliza ule mkia na hata mwenye mkono wake angeupapasa asijue. Niliushika uzi wa rangi ileile. Lakini ningemwonyesha nani? Aliyetakiwa kuufungua mlango alikuwa Rangwe, na alikuwa amekwisha kusema. Niliurudisha uzi kwenye kijiti chake. Tukamvika gauni likiwa hivyo, mishono mitatu.

Tulimzika asubuhi, umande haujakauka, nje ya ule ua wa minyaa, bila hema na bila nyimbo nyingi. Mtoto wake alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mapya hayajaota. Alishika sketi yangu akauliza, mbele ya watu wote, "Dani, kwa nini mama yuko huku nje?"

Nikamwambia, "Ndani kumejaa."

Ndani ya ua wetu ungeweza kulima shamba la mahindi. Mtoto alitazama, akanitazama, akakubali.

Msimu wa mvua uliofuata nilikata matawi ya minyaa nikayachomeka upande wa pili wa kaburi, nikadhani polepole ua ungemzunguka. Shemeji aliyang'oa, akayapanga vizuri kando ya njia ili nisiseme ameyatupa. Nilichomeka tena, akang'oa tena. Mara ya tatu sikuchomeka. Yule mama mkwe alikufa, akalazwa pale alipofagia. Mwanawe alifika siku ya pili, watu wamekwisha kula.

Mkia sikushona tena. Wateja walioutaka niliwaambia siku hizi ni zipu na rinda, wakakubali, vijana hawaulizi. Nikadhani umekwisha, na kumbe unakuja kwa njia ya simu.

Alhamisi mjukuu wangu alikuja kama tulivyopatana. Gauni lilikuwa tayari, nimelitundika kwenye msumari, na mkia nimeukata kwenye kitambaa chake nikaubana kwa pini mbili. Alipiga makofi. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, kuanzia Kabondo mpaka kwenye njia ya ng'ombe, na sehemu ya mkasi sikuipunguza. Alikuwa anazungusha simu mkononi, halafu akaacha kuizungusha.

"Ndani kumejaa," akasema. "Nimewaambia watu hivyo shuleni, Dani. Waliniuliza mama yako amezikwa wapi, nikawaambia nje, maana ndani kumejaa."

"Mimi ndiye niliyekuambia."

"Na walicheka."

 Alikwenda mpaka mlangoni, akatazama upande wa minyaa, akarudi.

"Huyu mama wa kule ninakokwenda," akasema, "ndiye anatakiwa anishonee huu?"

"Kama ni mtu wa zamani. Kama si wa zamani hajui, ataona ni pambo."

"Na akishona, siku akitaka atauma uzi."

"Anaweza."

"Na wewe ukishona, utakata."

Hilo lilinipata vibaya, lakini lilikuwa lake kusema. Nikamwambia naweza kuutoa sasa hivi, nizibe mshono, hakuna atakayejua ulikuwapo, aende na gauni zuri tu.

"Hapana. Nipe sindano."

"Mtu hajishonei mwenyewe. Haijawahi kuwa."

"Nipe, Dani."

Nikampa. Alitia uzi mara moja, macho ya ujana. Alilitandika gauni kwenye magoti, akatoa pini ya kwanza akaishika kwa midomo, akaanza. Alishona kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa najua anakula kwa huo na anaandika kwa huo, nimemlea mwenyewe, lakini kushona sikuwahi kumwona. Mishono ikalala upande mmoja, yote, mmoja baada ya mwingine, mibovu, lakini imeinama kama ya yule nyanya yake wa Rangwe siku ile alipokuja kwangu akiwa bado anaona. Alishona pembe ya kwanza, akatoa pini ya pili, akashona ya pili. Alipofika mwisho alifunga fundo, akainamisha kichwa akauma uzi.

Akaligeuza gauni nilione. "Limekaa sawa?"

Fundi yeyote angelifumua. Nililipiga pasi kuanzia mbele, mabega, mikono, na nilipofika pale nyuma niliinua pasi nikapita juu yake. Kesho atalichukua. Watamwuliza huko aendako ni nani aliyemshonea, na mimi sijui atawapa jibu gani, wala siku yake ikifika watamlaza wapi. Mishono yake sikuigusa.